Mali bila daftari: Kwa nini vijana wetu wanakimbilia uhasibu?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, hapa Kitengela huzuka mjadala mmoja ambao nimeusikia hadi nimeukariri. Wazazi hukutana madukani, kwenye vituo vya matatu na nje ya makanisa, na swali lao ni lile lile: mtoto asomee nini? Utajwapo udaktari, mtu huitazama gredi ya mwanawe na kuinamisha kichwa. Utajwapo ualimu, mwingine huguna. Lakini litajwapo neno uhasibu, nyuso hukunjuka. "Hiyo sasa ni kazi," husema mmoja, wenzake huitikia, na mjadala huishia hapo.

Nami, niliyefundisha masomo ya biashara kwa miaka mingi katika shule za upili za Kajiado kabla ya kustaafu, nimeona vyema kuuliza swali linaloachwa nyuso zikishakunjuka. Ni nini hasa kinachowavuta vijana wetu kuchagua uhasibu wanapoingia chuo kikuu? Je, ni wito, ni matumaini ya mshahara, ama ni upepo tu unaovuma na kuwasomba?

Swali hili si la kupitishia wakati. Katika kaunti hii karo ya chuo kikuu aghalabu hutoka katika ng'ombe au katika kipande cha ardhi. Ng'ombe huzaa, lakini ardhi ikishauzwa haizai nyingine. Familia inayouza ploti ya hamsini kwa mia ili mtoto akasomee kazi ambayo hakuna hata mmoja nyumbani aijuaye, inacheza kamari, ijapokuwa haipendi kuiita hivyo.

Tuanze na sababu iliyo wazi kuliko zote, nayo ni ajira. Tusiibeze. Kabla ya uhuru, vitabu vya hesabu katika makampuni makubwa ya nchi hii vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, naye Mwafrika, akibahatika, alikuwa karani wa kunakili. Mwaka 1969 iliundwa bodi ya KASNEB ili wahasibu wetu watahiniwe humu humu nchini, na mwaka 1978 ikaanzishwa ICPAK, taasisi ya wahasibu wenyewe. Tangu hapo herufi tatu, CPA, zikawa hirizi. Katika miaka ya 1980 na 1990 kijana aliyezipata aliajiriwa mapema, akavaa tai, akajenga nyumba ya mawe kwao kijijini. Wazazi wa leo ni watoto waliokuwa wakimtazama kijana yule. Heshima wanayoupa uhasibu waliirithi, nao wanairithisha.

Isitoshe, mji wenyewe umewathibitishia. Kitengela ilikuwa kituo kidogo kwenye barabara ya kwenda Namanga. Baada ya sheria ya mwaka 1990 kuanzisha maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na lile la Athi River kujengwa hapa jirani, wafanyakazi walifurika kutafuta vyumba vya kukodi. Viwanda vya saruji navyo vilikuwa pale pale. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta Kajiado na wakazi 687,312. Ile ya mwaka 2019 ikawakuta 1,117,840. Kila kiwanda, kila zahanati, kila duka kubwa na kila shule ya kibinafsi ilihitaji mtu wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Mwaka 2013 zikaja serikali za kaunti, na afisi za fedha zikafunguliwa Kajiado mjini. Mzazi anayesema kwamba kila afisi ina vitabu hajasema uongo.

Lakini asilolijua ni kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu mbele ya sheria. Baada ya miaka minne ya chuo, kijana bado ana mitihani ya kitaaluma ya kumalizia, uanachama wa kuomba, na akitaka kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu, cheti maalumu cha kufanyia kazi hiyo. Nimekutana na vijana waliogundua hayo wakiwa mwaka wa tatu, wakati ardhi ya baba imekwisha kuuzwa na fedha zimekwisha kuliwa na karo na kodi ya chumba. Kazi za uhasibu zipo, lakini huwapendelea waliofika mwisho wa safari, na wengi huanza safari bila kuuliza ina urefu gani.

Sababu ya pili ni mzazi. Watafiti wa nchi mbalimbali waliowahoji wanafunzi wa uhasibu wamekuta majibu yanayofanana: nafasi za kazi, mshahara, kisha ushauri wa wazazi na walimu. Kwetu naamini mzazi ana uzito zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mfuko. Mzee mmoja, rafiki yangu wa upande wa Isinya, aliniambia alipokuwa akiuza eka mbili: "Mwalimu, mimi nilidanganywa na madalali kwa sababu sikujua hesabu. Huyu kijana wangu atazijua kwa niaba yangu." Nilimjibu, "Mzee, umemuuliza mwenyewe anataka nini?" Akacheka, akasema kwamba ng'ombe haulizwi anataka kwenda malisho gani.

Nilicheka naye, lakini maneno yake yalinikaa moyoni. Nyuma ya kicheko kile kuna kilio cha Kajiado nzima. Sheria ya mwaka 1968 iliweka ardhi yetu chini ya ranchi za kikundi, kila ranchi ikiwa na kamati yake. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa hati yake. Sababu za kugawanya ranchi hizi zilikuwa nyingi, na mojawapo katika sehemu nyingi za Kajiado ni kwamba wanachama hawakuziamini tena kamati zao. Mikopo ilichukuliwa na haikueleweka imelipwaje. Ardhi iligawiwa na wengine hawakujua imegawiwaje. Baada ya hati kuja madalali, na baada ya madalali zikaja fedha nyingi kwa mpigo mmoja, ambazo nyumba nyingi hazikuweza kueleza baada ya mwaka mmoja zilikwenda wapi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee yule anapomtuma mwanawe akasomee uhasibu, analipa deni la kizazi kizima. Nia yake ni njema. Ila deni hilo amelitwika kichwa kisicholijua.

Sababu ya tatu ni gredi, nayo haisemwi hadharani. Mwanafunzi huanza kwa kuota udaktari, uhandisi au sheria. Alama zikija chini ya matarajio, huteremka ngazi baada ya ngazi katika orodha ya idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, mpaka anapoikuta shahada ya biashara ikimngojea. Hapo huambiwa achague tawi: masoko, fedha, usimamizi au uhasibu. Huchagua uhasibu kwa kuwa ndio wenye jina. Kijana wa namna hiyo ameukuta uhasibu pale aliposimama kupumzika, kisha akasema ndiko alikokuwa akienda.

Sababu ya nne ni ukaribu. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia karo, vyuo vingine vikafuata, na masomo ya biashara yakawa bidhaa iliyouzika kwa urahisi. Sababu inaeleweka. Uhasibu hauhitaji maabara, wala maiti za kupasuliwa, wala karakana. Unahitaji ukumbi, ubao na mwalimu. Chuo Kikuu cha KCA, kilichoanza mwaka 1989 kama chuo cha uhasibu kwa juhudi za wahasibu wenyewe, kina kampasi yake hapa Kitengela. Africa Nazarene iko Ongata Rongai, na Umma iko Kajiado. Mtoto anaweza kulala nyumbani, akala ugali wa mama yake, akasoma jioni baada ya kazi. Ni neema kubwa, hasa kwa wasichana ambao zamani baba zao waliogopa kuwaruhusu waende mbali. Hata hivyo, msomaji mpendwa, ukaribu wa duka si sababu ya kununua kila kinachouzwa humo.

Ukizitazama sababu hizi nne, utaona zote zinatoka nje ya kijana mwenyewe. Ajira iko sokoni, ardhi ni ya baba, gredi ni ya mtihani, na chuo kiko kando ya barabara. Iko wapi kazi yenyewe? Ni wangapi kati ya wanaouchagua uhasibu waliokwisha kumwona mhasibu akiwa kazini hata siku moja?

Miaka ya 1990 hali ilikuwa na nafuu kidogo. Biashara na Uhasibu yalikuwa masomo mawili yaliyosimama kila moja peke yake katika shule ya upili. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliandika leja kwa mkono wake, akaandaa mizania, akaiona ikikataa kulingana, akakesha akitafuta shilingi kumi zilizopotea kati ya kurasa mbili. Aliyeipenda kazi hiyo alijijua kwa furaha ya usiku ule alipozipata. Aliyeichukia alijijua pia, akaenda zake mapema bila hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipopunguzwa, masomo hayo yaliunganishwa na mengine kuwa somo moja la biashara. Leja imo, lakini imekuwa sura chache miongoni mwa sura nyingi. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kuingia chuo kikuu kusomea uhasibu akiwa ameuonja kwa ncha ya ulimi tu.

La ajabu ni kwamba hakuna mahali panapofaa kuufundishia uhasibu kama hapa petu. Mtazame mfugaji wa Kimaasai mifugo inaporejea jioni. Hasimami langoni akihesabu moja, mbili, tatu. Kuhesabu mali hai kwa namna hiyo huonwa kuwa si jambo jema. Huwatambua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na kwa mama aliyemzaa kila mmoja. Asipoonekana mmoja, atajua kabla lango halijafungwa, na ataulizwa aliyekuwa akichunga. Huo, kwa maoni yangu, ni ukaguzi wa hesabu uliokamilika: mali inajulikana, mwangalizi anajulikana, na swali linaulizwa siku ile ile.

Kisha umtazame mchuuzi wa mbuzi anayenunua katika soko la Bissil na kuuza hapa Kitengela. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Amenunua mbuzi kwa shilingi 6,000 na kumuuza kwa 7,500. Atakuambia kwa fahari kwamba amepata faida ya 1,500. Mkalishe chini na kalamu. Nafasi ya mbuzi huyo katika lori ni shilingi 400. Ushuru wa soko, 100. Dawa na majani, 150. Nauli na chakula cha mchuuzi mwenyewe, vikigawanywa kwa kila mbuzi, 250. Na kama katika kila mbuzi 20 anaowasafirisha mmoja hufa njiani, basi kila mbuzi anabeba shilingi 300 za kifo cha mwenzake. Jumla ya gharama hizo ni 1,200. Faida yake ya kweli ni shilingi 300, na akikaa siku mbili zaidi akingojea bei ipande, hata hizo zitaliwa.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu hesabu ya aina hii waende nayo nyumbani. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alirudi baada ya wiki mbili akiwa na daftari lililojaa. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "baba hupoteza fedha kila safari, na hajui." Nikamuuliza atafanya nini. Akasema atamwonyesha mama kwanza. Leo ni mhasibu. Hakuchagua uhasibu kwa sababu ya tai wala afisi yenye kiyoyozi. Aliuchagua kwa kuwa daftari lilimwonyesha jambo lililofichika machoni pa watu wazima wote nyumbani kwao. Hiyo ndiyo sababu ya tano, iliyo adimu kuliko zote, na ndiyo pekee niliyoiona ikimshikilia mtu mitihani inapokuwa migumu.

Na mahitaji yapo tele. Mwaka 2000 ulianzishwa hapa Kitengela mpango wa kuhifadhi mapito ya wanyamapori. Mwenye ardhi aliyekubali kutoizungushia ua na kutoiuza alilipwa takriban dola 4 za Marekani kwa kila eka kwa mwaka, na malipo yakagawanywa mara tatu ili yaende sambamba na karo za shule. Aliyepanga vile aliielewa nyumba ya mfugaji: fedha zikija zote kwa pamoja hutawanyika, zikija wakati wa karo husomesha. Huo nao ni uhasibu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imezitaka jamii ziwe na kamati za kusimamia ardhi yao. Vyama vya akiba na mikopo, vikundi vya akina mama, bodi za shule na miradi ya maji, vyote vina fedha za wanyonge, na vingi vina daftari moja lililoloa chai. Kijana anayesomea uhasibu akiwa na nia ya kuajiriwa Nairobi peke yake hayaoni haya, maana hakuna aliyemwambia kwamba yanaitwa kazi.

Liko jambo jingine ambalo wazazi hawalitaji kabisa, nalo ni ujasiri. Mhasibu huona mapema kuliko wengine. Mapema katika miaka ya 1990 nchi hii iliibiwa mabilioni kupitia kashfa ya Goldenberg, hazina ya umma ikilipa marupurupu kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, ilhali hatukuwa na migodi ya almasi. Stakabadhi zilipita mikononi mwa watu wengi waliosoma. David Munyakei, kijana aliyekuwa mfanyakazi wa Benki Kuu, aliziona, zikamkera, na habari zikawafikia wabunge. Alipoteza kazi yake mwaka 1993, na alifariki mwaka 2006 bila ya kuonja mali. Wengine wengi waliotazama tarakimu zile zile walinyamaza na kuendelea kupokea mishahara. Mwaka 2015 Imperial Bank ilifungwa, na mwaka 2016 ikafuata Chase Bank, na wenye akiba wakajifunza kwa uchungu kwamba tarakimu zilizochapwa vizuri zinaweza kusema uongo. Mzazi anayetaka mwanawe awe mhasibu, je, yuko tayari mwanawe awe yule atakayesema hapana?

Nauliza hivyo kwa sababu mashine zinatuondolea sehemu nyepesi ya kazi hii. Kujumlisha na kutoa kumekwisha kuchukuliwa na kompyuta. M-Pesa, tangu mwaka 2007, huandika yenyewe nani amempa nani. Mamlaka ya Ushuru inadai ankara kwa njia ya kielektroniki, na sasa ziko programu zinazoweza kuandaa mizania kabla chai haijapoa. Marekani kwenyewe, katika muongo uliopita, idadi ya wanaohitimu uhasibu ilishuka kwa miaka kadhaa mfululizo, vijana wakiona njia ni ndefu na mshahara wa mwanzo hautoshi. Kinachobaki kwa mwanadamu ni kuuliza kwa nini tarakimu iko pale ilipo, na kusimama imara akijibiwa kwa hasira. Aliyekuja kwa sababu ya tai hatadumu katika kazi ya namna hiyo.

Basi tufanye nini? Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, wakiwa wamechagua mkondo wa masomo tangu wakiwa wadogo zaidi ya tulivyozoea. Uchaguzi umesogezwa mapema. Ushauri nao lazima usogee. Walimu wa Kajiado, wapeni watoto daftari la mbuzi kabla ya kuwapa fomu ya kuchagua. Wahasibu wa viwandani na wa kaunti, mfungulie shule milango siku moja kwa muhula, vijana wawaone mkitafuta risiti iliyopotea, waone pia mnapochoka. Vyuo vilivyo kando ya barabara, mwambieni mzazi siku ya kwanza safari nzima ni miaka mingapi na itagharimu kiasi gani, pamoja na mitihani ya kitaaluma, kabla hajakwenda kwa dalali.

Nawe kijana uliyeshika kalamu kuijaza fomu, jiulize maswali matatu. Je, umewahi kuandika mapato na matumizi ya kitu chochote kwa muda wa mwezi mmoja? Je, ulipoona hayalingani, ulitaka kujua kwa nini? Na je, ukijua, ungesema? Ukijibu ndiyo mara tatu, mshike baba yako mkono, mwambie kwamba ardhi anayoiuza haitapotea bure. Ukijibu la, hujawa mtu duni. Ziko kazi nyingine, na kumwambia mzee mapema ni heshima kubwa kuliko kumtii kwa miaka minne kisha kumletea shahada usiyoipenda.

Wazazi wenzangu nawaomba jambo moja. Kabla ya kuiuza ploti, chukueni daftari jipya la shilingi chache. Upande mmoja mwandike mtakachotoa, upande wa pili mwandike mtoto mwenyewe amesema nini. Upande huo wa pili ukiwa mtupu, msitie sahihi kwa dalali bado.